Mwili au umati? Mjadala kuhusu seli moja na seli nyingi

Hoja iliyo mbele ya wasemaji watatu wa Gihosha, Bujumbura: je, kiumbe cha seli nyingi ni kitu cha namna nyingine kabisa kikilinganishwa na kiumbe cha seli moja, au ni seli zile zile, tofauti ikiwa ni idadi tu?

MWALIMU WA BIOLOJIA: Wanafunzi huingia kwenye mtihani na jedwali la safu mbili. Upande mmoja wapo amiba, bakteria, hamira na kimelea cha malaria: seli moja, umbo dogo, kazi zote kufanywa na seli hiyo hiyo. Upande wa pili wapo mgomba, ng'ombe na mtu: seli nyingi, umbo kubwa, kazi zimegawanywa. Jedwali hilo halisemi uongo, ila linaorodhesha dalili na kuliacha jambo lenyewe. Ukubwa hautenganishi chochote. Kwenye maji mafupi ya Zanzibar na Mombasa huota mwani uitwao Caulerpa, wenye mfano wa shina, majani na mizizi, na mmea wote huo ni seli moja yenye viini vingi ndani ya utando mmoja. Mwaka 2022 wanasayansi walitangaza bakteria ya mikoko ya Guadeloupe, Thiomargarita magnifica, inayoweza kufikia sentimita 2 na kuonekana kwa macho matupu. Kwa hiyo natafuta alama nyingine, nayo ipo kwenye damu ya mgonjwa wa malaria iliyotandazwa nyembamba kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa. Ndani ya duara la waridi hukaa pete ndogo ya buluu yenye nukta nyekundu. Duara ni seli ya mtu, pete ni Plasmodium falciparum. Seli ya mtu ilikwisha kutupa kiini chake kabla ya kuingia kwenye mkondo wa damu. Itabeba oksijeni siku zipatazo 120, kisha itavunjwa bila kuacha mtoto. Pete, saa 48 tangu iingie, itapasuka na kutoa watoto zaidi ya kumi. Seli moja imeacha kuzaa kwa ajili ya mwili, nyingine haijaacha kwa ajili ya yeyote. Tofauti ninayoitetea ni hiyo, na haihesabiwi kwa idadi.

MPIMAJI WA MAABARA: Kwa kuwa mwalimu amechagua kioo changu, nami nitabaki hapo hapo. Akikisogeza kidogo chini ya hadubini, hasa kioo cha mgonjwa aliyeugua kwa muda, atakuta maumbo yaliyopinda kama mwezi mchanga. Hizo ni gametosaiti. Ni za kimelea kile kile, lakini hazizaani tena ndani ya damu; zinangoja mbu. Zikifika tumboni mwake, ya kiume hutoa nyuzi nane za mbegu kwa dakika chache tu, na hapo uzazi unaendelea. Zile pete zinazoongezeka kila baada ya siku mbili na kuleta homa zitakufa kwa dawa, au zitakufa pamoja na mgonjwa. Wengine wanakula na kuongezeka, wengine wanabeba uzao kwenda nje. Kama kugawana kazi namna hiyo ndiyo alama ya mwili, basi kimelea nacho kina mwili, isipokuwa haujashikana. Tena mwalimu ameichukua seli nyekundu kwa sababu ni ya kupita kiasi. Angechukua seli ya ini, hoja ingelegea: ini likikatwa hukua tena, na seli zake hugawanyika vizuri sana. Mimi ninachokiona kila siku ni mteremko mrefu wenye ngazi nyingi. Ukuta anaousema mwalimu sijauona.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Ini hukua tena, ni kweli, lakini tazameni kinachokua: ni ini lile lile. Seli zake hugawanyika kwa kadiri ya pengo lililokatwa, na pengo likijaa huacha. Hakuna seli ya ini iliyowahi kuwa babu wa mtu yeyote. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wakishavuta wavu usiku kucha, alfajiri kila mmoja huondoka na fungu lake la ndagala. Seli ya ini huvuta wavu maisha yake yote na haipewi fungu. Ama gametosaiti, hizo ni zamu. Pete inayoongezeka leo bado inaweza kuwa bibi wa gametosaiti ya wiki ijayo, kwa sababu katika kila mzunguko baadhi ya wazao hugeuka. Mlango haujafungwa kwa yeyote. Kiumbe cha seli moja hugawa kazi kwa wakati, mwili hugawa kazi mara moja kwa daima. Mfano mzuri uko kwenye mwani wa maji baridi. Chlamydomonas ni seli moja yenye mijeledi miwili ya kuogelea, na kabla ya kugawanyika hulazimika kuirudisha ndani: haiwezi kuogelea na kuzaa kwa wakati mmoja. Jamaa yake Volvox carteri ana seli ndogo zipatazo 2,000 za kuogelea, na seli kubwa kama 16 za kuzaa. Zile ndogo huogelea mpaka zife. Hakuna zamu tena, na hakuna kurudi.

MKULIMA: Mwalimu anazungumza kama anayejua wanyama tu. Mashamba ya milima iliyo juu ya Gihosha yanapandwa kwa vipande. Muhogo ni pingili ya shina, viazi vitamu ni kipande cha mashina yake, mgomba ni chipukizi lililong'olewa ubavuni mwa mama yake, maana ndizi tunazokula hazina mbegu za kupanda. Hakuna yai linalopita hapo katikati. Seli za shina, ambazo kwa hesabu ya mwalimu zimekwisha kuacha haki ya kuzaa, ndizo zinazokuwa wazazi wa shamba zima. Sasa achague moja kati ya mawili. Aseme muhogo si kiumbe cha seli nyingi, jambo ambalo hata mtoto atalicheka, au akubali kwamba seli ya mwili inaweza kubaki na haki yake, na mwili ukawa mwili vile vile. Na nina swali lililo zito zaidi. Migomba ya aina moja iliyoenea kilima hadi kilima, yote ikiwa imetoka kwa chipukizi hadi chipukizi, ni viumbe elfu au ni kiumbe kimoja kilichokatwa vipande elfu? Anayetaka kunionyesha mpaka kati ya kimoja na vingi aanze na mgomba, asianze na damu.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Mama, tukipasue hicho kipande cha shina tuone ni seli zipi zinazochipua. Mirija inayopandisha maji kutoka mizizini imejengwa kwa seli ambazo hufa kabla hazijaanza kazi. Zinaacha kuta tupu, na maji hupita ndani ya kuta hizo. Seli ya mrija haifai kitu ikiwa hai. Nyuzi ngumu zinazousimamisha mti nazo nyingi hufa vivyo hivyo. Majani yatapukutika. Kinachochipua kwenye pingili ni macho, na hapo mmea umehifadhi seli changa ambazo hazijapewa kazi maalumu. Ndiyo maana mkulima huhesabu macho kabla ya kupanda, na hapandi jani la muhogo. Kwa hiyo mmea una seli zilizoacha kuzaa kama mnyama alivyo nazo. Unatofautiana naye kwa ukali. Wanyama wengi hutenga mapema, wakiwa bado vijusi, seli zitakazotoa mayai na mbegu za kiume, na zilizobaki hufungiwa nje. Mmea huchelewesha uamuzi na kuacha milango mingi. Sheria kuwa kali hapa na legevu kule si dalili kwamba hakuna sheria.

MPIMAJI WA MAABARA: Kitu chenye ukali na ulegevu ni kitu chenye viwango, na viwango ndiyo hoja yangu. Lakini nisishinde kwa neno, nilete ushahidi. Mwaka 1903, huko Entebbe, David Bruce na wenzake waliungana na kazi ya Aldo Castellani kuonyesha kwamba malale huletwa na trypanosoma, kiumbe cha seli moja. Ndani ya damu Trypanosoma brucei huwa mwembamba na hugawanyika. Wakiwa wengi hupashana habari kwa kemikali, na sehemu yao hugeuka wafupi wanene, wakaacha kugawanyika. Hawarudi tena kuwa wembamba ndani ya damu ile. Mbung'o asipowanyonya, hufa baada ya siku chache, na wengi wao hawanyonywi kamwe. Je, huko si kufungiwa mlango? Kisha kuna hamira, ya jamii ile ile inayochachusha urwagwa, pombe ya ndizi. Mwaka 2012 William Ratcliff na wenzake, wakiwa Minnesota, walitangaza walichokipata kwa kuilea kwenye mirija na kila siku kuchagua seli zilizozama upesi kuliko nyingine. Katika siku zipatazo 60 walipata marundo yenye matawi kama theluji: watoto hawakuachana na mama zao, na baadhi ya seli zilikufa mapema, kifo chao kikasaidia rundo kuvunjika na kuzaa marundo mapya. Mwaka 2023 kundi la Ratcliff lilieleza marundo yaliyolelewa kwa siku 600 hivi, makubwa mara 20,000 kuliko ya mwanzo, yanayoonekana kwa macho. Ukuta wa maumbile unaorukwa na hamira kwa miezi miwili ni ukuta gani?

MWALIMU WA BIOLOJIA: Kuvukwa upesi si kutokuwapo. Jaribio la hamira linanisaidia, kwa sababu linaonyesha ni nini hasa kilichovukwa. Rundo lile linapovunjika, tawi linalokatika lina seli moja ya shina, na seli zote za tawi ni wazao wake. Kila rundo jipya lina mama mmoja. Linganisheni na Dictyostelium discoideum, kiumbe cha udongoni ambacho seli zake huishi moja moja mpaka njaa iingie. Hapo hukusanyika hata 100,000, zikajenga kikonyo, na karibu seli moja katika kila tano hufa kuwa kikonyo hicho ili zilizobaki ziwe mbegu juu yake. Inafanana sana na mwili. Lakini kwa kuwa zimekusanyika kutoka nasaba mbalimbali, hutokea nasaba zinazokwepa kikonyo na kujaza mbegu, zikila jasho la wengine. Mwili umeliepuka tatizo hilo kwa njia moja: kila kizazi hupita kwenye tundu la seli moja. Kila mtu, kila mukeke wa ziwani, kila mti wa mwembe uliotokana na kokwa ulikuwa seli moja. Seli ya ini inaweza kuacha kuzaa bila hasara kwa sababu yai na mbegu ya kiume ni ndugu zake wa damu, wana urithi ule ule. Trypanosoma wafupi wanene nao hungoja mbung'o wakiwa ndio wabebaji wa uzao. Hao ni mbegu, hawajaacha uzao kwa faida ya mwingine.

MKULIMA: Basi hilo tundu la seli moja nililitaja mimi bila kulipa jina. Pingili ya muhogo hailipiti, na tunajua gharama yake. Batobato kali la muhogo lililoanza Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 liliingia Burundi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na njia yake kubwa moja, zaidi ya inzi weupe, ilikuwa sisi wenyewe kubebeana pingili zenye ugonjwa. Mnyauko wa migomba uliogunduliwa hapa nchini mwaka 2010 huletwa na bakteria, kiumbe cha seli moja, nao hupita kwenye panga lisilosafishwa na kwenye chipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa. Anayeanza na seli moja huanza upya, anayeanza na kipande huanza na yote yaliyokuwamo. Hapo nampa mwalimu haki yake. Lakini ushahidi huo huo una upande wa pili. Tumekula muhogo wa vipande vizazi na vizazi, na haujaacha kuwa muhogo wala haujageuka umati wa seli zinazopigana. Tundu hilo basi ni kinga nzuri, si sharti. Na bado sijaelezwa ni faida gani iliyozifanya seli zikubali kunyimwa watoto. Hakuna anayetoa shamba lake bure.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Faida inaanzia kwenye hesabu. Kitu kikikuzwa mara kumi kwa urefu bila kubadili umbo, ngozi yake huongezeka mara mia na ujazo wake mara elfu. Chakula na oksijeni huingia kupitia ngozi, walaji wamo ndani ya ujazo; kwa hiyo kila kinapokua, kila sehemu yake hupata kidogo zaidi. Tena oksijeni inayosambaa yenyewe ndani ya maji huchukua muda unaokua kwa mraba wa umbali: umbali mara mbili, muda mara nne. Upana wa bakteria hupitwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, sentimita moja huchukua saa kadhaa. Hata zile seli kubwa za ajabu zinatii hesabu hiyo: Thiomargarita imejaza sehemu kubwa ya tumbo lake mfuko wa maji, na seli hai ni tabaka jembamba pembezoni. Anayetaka kuwa mkubwa na mnene lazima apate mapafu, mishipa na moyo, yaani seli zinazofanya kazi kwa ajili ya seli nyingine. Na seli haiwezi kuwa msuli kamili huku inajiandaa kugawanyika. Seli za moyo wa mtu mzima karibu zote zimeacha. Faida ya seli ya moyo ni kwamba mwili unaoiendesha hufika mbali, na yai lenye urithi wake hufika nao.

MPIMAJI WA MAABARA: Kufika mbali kunategemea unakokwenda. Ziwa lililo chini ya mji huu lina kina cha mita 1,470, lakini upande huu wa kaskazini oksijeni huisha kwenye mita mia moja hivi. Chini ya hapo samaki hawaishi. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika ni milki ya viumbe vya seli moja, na mwaka 2006 ilithibitishwa kuwa humo wamo bakteria wanaoishi kwa kuunguza amonia bila oksijeni. Hata samaki wa juu wanaishi kwa fadhila ya viumbe vya seli moja. Mukeke anakula ndagala, ndagala anakula vidudu vya majini, vidudu vinakula vijimea vya seli moja. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2003 ulikadiria kwamba joto limepunguza uzalishaji wa vijimea hivyo kwa asilimia 20 hivi, na kwamba upungufu huo unaweza kuwa umewanyima wavuvi karibu asilimia 30 ya samaki. Lakini hoja yangu kubwa ni hii: seli haikuacha kitu, imezuiwa tu. Daktari Denis Burkitt, akiwa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya wa watoto, ambao baadaye alionyesha kuwa unafuata ukanda wa nchi zenye malaria nyingi. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kikaonekana ndani ya seli zake. Hapo seli ya kinga ya mtoto inarudia kugawanyika kama kwamba iko peke yake duniani. Seli za saratani zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks huko Baltimore mwaka 1951 bado zinaishi kwenye vyombo vya maabara. Na kuna saratani ya mbwa inayohama kutoka mbwa hadi mbwa kwa kujamiiana, ambayo mbwa wake wa kwanza alikufa maelfu ya miaka iliyopita. Leo inaishi kama kimelea. Mnachokiita mwili ni umati uliowekewa polisi.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Na umati wa bakteria hauna polisi wa namna hiyo, ndiyo tofauti. Mtu mzima ana seli zipatazo trilioni 30. Ndovu ana nyingi zaidi mara makumi, na kama kila seli ingekuwa na nafasi sawa ya kuasi, ndovu wangekufa kwa saratani kabla ya kuzeeka. Hawafi hivyo. Mwaka 2015 ilielezwa kwamba ndovu ana nakala zipatazo 20 za jeni ya TP53, ambayo mtu huirithi moja kutoka kwa kila mzazi. Kazi yake ni kuisimamisha seli yenye urithi ulioharibika au kuiamuru ijiue. Mwili umelipia ukubwa wake kwa sheria. Sasa nitoe kipimo changu kwa sentensi moja, ili mpimaji apate kitu cha kupiga: kiumbe ni cha seli nyingi pale ambapo kugawanyika kwa seli kunaweza kuwa ugonjwa. Bakteria ya kipindupindu inayogawanyika upesi kuliko wenzake haina saratani, ina mafanikio. Seli ya ini ikifanya hivyo hivyo, tunaita daktari. Tendo ni lile lile, lakini maana yake imepinduka, na hakuna hesabu ya idadi inayoweza kuipindua maana hiyo. Ndiyo sababu sehemu ya wanasayansi bado wanabishana kuhusu visukuku vya Franceville, Gabon, vyenye umri wa miaka bilioni 2.1, vilivyotangazwa mwaka 2010 na Abderrazak El Albani na wenzake: ukubwa unaonekana kwenye jiwe, ila jiwe halionyeshi kama palikuwa na seli zilizokatazwa kuzaa.

MPIMAJI WA MAABARA: Kipimo ni kizuri, na trypanosoma wanakipasua. Maabara huwahamisha trypanosoma kutoka panya hadi panya kwa sindano, bila mbung'o, mara nyingi mfululizo. Matokeo yanajulikana: hujitokeza nasaba ambazo hazisikii tena ile ishara ya wingi. Hazigeuki fupi nene, hugawanyika bila kikomo, huua panya upesi, na hupoteza uwezo wa kuendelea vizuri ndani ya mbung'o. Seli moja imekataa amri ya wengi, ikashinda ndani ya damu, ikaangamiza safari ya wote. Mwalimu atuambie hiyo inatofautianaje na uvimbe wa Burkitt. Bakteria nao wana mambo hayo. Wengi wao hutoa nje vimeng'enya vya kumeng'enya chakula kwa faida ya kundi, na hutokea wavivu wanaokula bila kutoa; wavivu wakizidi, kundi linaanguka. Kwa hiyo kugawanyika kunakuwa ugonjwa hata pale ambapo kila kitabu kimeandika seli moja.

MKULIMA: Tofauti mnayoibishania ninaiona kwenye dawa. Mwaka 2003 Burundi iliacha klorokwini, ikaanza kutumia atesuneti pamoja na amodiakwini, kwa sababu klorokwini ilikuwa imeshindwa. Kimelea kilichosalimika kilikuwa babu wa vimelea vilivyofuata, na ukaidi wake ukawa urithi wa taifa lake. Seli ya mwili wangu ikijifunza leo kuhimili sumu, mjukuu wangu hatairithi, maana haikupita kwenye yai. Na mgonjwa wa saratani hupoteza nywele, wakati mgonjwa wa malaria hazipotezi: dawa ya malaria hupiga mgeni, dawa nyingi za saratani hupiga yeyote anayegawanyika, mwasi na mtiifu pamoja. Kama ni umati tu, kwa nini tiba ya kimelea ni kuua wote mpaka wa mwisho, na tiba ya mwili ni kuua wachache ili wengi wabaki? Lakini namgeukia mwalimu pia. Ile saratani ya mbwa inarithisha ukaidi wake kama kimelea. Aniambie anaiweka safu gani ya jedwali lake.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Naiweka safu ya seli moja, bila kusita. Imetoka mwilini, ina nasaba yake, na kugawanyika kwake si ugonjwa kwake bali kwa mbwa. Kipimo kinaihukumu sawa. Ama trypanosoma waasi, tazameni nani anayewaadhibu. Ndani ya panya hakuna anayewazuia. Hupotea kwa sababu panya amekufa na mbung'o hawachukui. Adhabu inatoka nje, baada ya kosa, kwa kundi zima. Kwa ndovu, hakimu amekaa ndani ya kila seli, na hukumu hutolewa kabla uvimbe haujaonekana. Kundi linaloangamia kwa sababu ya mwasi bado ni umati. Lililojitengenezea chombo cha kumzuia limekuwa mwili. Nionyesheni seli moja iliyo na chombo hicho, nami nitafuta jedwali lote.

MPIMAJI WA MAABARA: Chombo hicho kilikuwapo kabla ya mwili. Jeni ya jamii ya TP53 imepatikana kwa Monosiga brevicollis, mmoja wa choanoflajelati, viumbe vya seli moja walio jamaa wa karibu zaidi wa wanyama. Hakimu alizaliwa kabla ya mahakama. Mwili ulimkuta, ukampa kazi mpya. Na yeye naye aliwekwa na adhabu ile ile ya nje anayoidharau mwalimu: miili isiyokuwa na hakimu ilikufa mapema, haikuacha watoto. Turudi kwenye hamira. Siku ya kwanza ilikuwa seli moja moja, na hilo hakuna anayelikataa. Siku ya 60 ilikuwa na mama mmoja kwa kila rundo, na seli zinazokufa ili rundo lizae. Mwalimu atutajie siku ambayo umati uligeuka mwili, na atuambie kilichokosekana siku iliyotangulia.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Ni siku ile ambayo seli iliyokataa kufa ilianza kupunguza wazao wa rundo lake badala ya kuwaongeza. Hiyo inapimika: weka rundo lenye seli kaidi na rundo lisilo nazo kwenye mrija mmoja, uhesabu ni lipi linaloacha wazao wengi zaidi.

MPIMAJI WA MAABARA: Ipime, nami nitakuletea mirija. Ukikuta hasara iliruka kutoka sifuri kwa usiku mmoja, una ukuta wako. Ukikuta ilipanda kidogo kidogo kila wiki, itabidi uniambie ni asilimia ngapi ya hasara inayotosha kuitwa mwili, na kwa nini si moja pungufu.